Antena

Nilikwenda kudai pesa ya redio
nikamkuta Mama Kyakimwa anafunga ghala,
unga umekwisha, yeye anarudi Butembo.
"Pesa sina," akasema. "Chukua paka."
Nyuma ya magunia matupu: macho mawili,
na waya wa umeme shingoni,
umefungwa kwenye msumari, urefu wa hatua tatu.
Hatua tatu. Miaka minne.
Kazi yake ilikuwa kutisha panya.

Nikaukata waya kwa koleo langu.
Hakukimbia.
Alitembea hatua tatu, akasimama.

Nilimbeba kwenye kapu la vitunguu, juu yake koti langu,
kutoka Birere mpaka Majengo kwa miguu,
maana chukudu ingemrusha kwenye kila jiwe la lava,
na mawe hayo hata sisi tuliozaliwa nayo yanatukwaza.
Njia nzima hakulia.
Nilitamani alie.

Usiku ule aliingia nyuma ya kabati la redio mbovu
akakaa huko kama kitu kilichoahirishwa.
Nikamwekea mchanga mweusi kwenye beseni
(Goma mtu hanunui mchanga, anainama tu)
na sambaza saba kwenye mfuniko wa sufuria.
Asubuhi walikuwa saba.
Asubuhi ya pili, saba na nzi.
Asubuhi ya tatu, sita.
Nilimhesabu yule mmoja asiyekuwepo
kama mtu anavyohesabu mshahara.

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa.
Hawakusema paka wa ghala atajuaje
kwamba hii ni nyumba.

Basi mimi ndiye niliyefugwa.
Nikaacha kutupa bisibisi mezani.
Nikavua viatu mlangoni.
Nikalipita kabati huku nimetazama ukuta,
kama mtu anayepishana na mama mkwe.
Wateja nikawaambia: bisheni kwa kidole kimoja.
Mzee Kakule alicheka mpaka akakohoa.
"Nzanzu, una mgonjwa ndani?"
Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Masika, mtoto wa jirani, ndiye aliyelala kifudifudi sakafuni,
akachungulia, akaona mkia tu, umechomoza kati ya nyaya.
"Ana antena," akanong'ona.
Jina likakaa. Mwenyewe hakuliitikia.

Siku ya kumi na tisa ardhi ilijigeuza,
kama mtu anayetafuta upande mzuri wa kitanda.
Vikombe vikaulizana.
Tulitoka barabarani sote, na vitenge, na povu la sabuni,
na mtu mmoja na mswaki mdomoni,
tukatazama mlima, mlima ukatutazama,
tukarudi.
Mlango nilikuwa nimeuacha wazi.
Nyuma ya kabati, vumbi na umbo lake kwenye vumbi.

Nilitafuta chini ya kitanda, kwenye jiko, ndani ya pipa la makala.
Niliita lile jina asiloliitikia.
Nilijisikia mjinga, mtu mzima, mikono myeusi, naita antena.

Alikuwa kwenye kapu la vitunguu,
lile lile, pembeni mwa mlango,
amejikunja juu ya koti nililosahau kulivaa.
Sikumgusa. Nilikaa sakafuni, mgongo kwa kapu,
mpaka umeme ukarudi.

Usiku huo niliwasha redio ya Mzee Kakule, ya zamani,
ile yenye taa za kioo ndani, inayochelewa kusema.
Ikaanza na mvumo, kati ya stesheni na stesheni,
na joto likapanda kwenye ubao wake.
Nje baridi ilikuwa inashuka kutoka mlimani.
Nikasikia kucha juu ya saruji.
Moja. Mbili. Tatu.
Kimya.
Nikaendelea kutazama ukuta.

Shingo yake bado haguswi,
pale waya ulipokula manyoya.
Mtu akiingia na funguo zinazolia, anapotea hadi jioni.

Redio ya Mzee Kakule imepona tangu Jumanne.
Kila akibisha, kwa kidole kimoja,
namwambia bado, mzee, bado kidogo,
na nyuma yangu, juu ya ubao wenye joto,
mgonjwa analala.